Waya, Kebo na Ngao: Istilahi za Kuunganishia Mtambo wa Santuri

Utangulizi

Neno "waya" limetutumikia kwa muda mrefu na katika kazi nyingi. Tunasema waya wa simu, waya wa umeme, waya wa uzio, waya wa kuanikia nguo, na hata waya wa kufungia mzigo juu ya basi. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halina ubaya wowote, kwa kuwa msemaji na msikilizaji wote wawili wanakiona kitu kinachosemwa. Ubaya huanza pale neno hilo linapoandikwa katika hati ya ununuzi, katika kijitabu cha maelezo au katika somo la ufundi, na msomaji akawa mbali na kitu chenyewe. Hapo neno moja lililobeba vitu vinne humfanya mtu anunue kimoja badala ya kingine.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kuchagua kebo za kuunganishia gramafoni na kikuza sauti nyumbani, shuleni au katika maktaba, na papo hapo kupendekeza istilahi zitakazomwezesha mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kuzitaja kebo hizo bila utata. Tumeyaunganisha mambo haya mawili makusudi. Kwa maoni yetu, mtu hawezi kuchagua vizuri kitu asichoweza kukitaja kwa jina linalokitenga na vitu vingine.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuhangaike na santuri wakati ambapo muziki mwingi unasikilizwa kwa simu ya mkononi. Jibu letu ni kwamba sehemu ya sauti za nchi hii imehifadhiwa katika santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo za watu wa makabila mbalimbali, wakiwemo Wahehe wa Iringa na ala yao ya nyuzi iitwayo ligombo, na rekodi za safari zake zilitolewa katika santuri. Baadaye zilikuja santuri za bendi zetu za dansi, kama vile Morogoro Jazz na Super Volcano, ambazo bado zimo makabatini mwa wazee wengi wa Nyanda za Juu Kusini. Anayezinakili leo katika kompyuta, ili vijana wazisikie, hunakili pia kila kasoro iliyopita katika kebo yake. Santuri ikishavunjika au kulika, nakala hiyo ndiyo itakayobaki, na kasoro ikiwa ndani yake.

Mfano wa hati ya ununuzi

Tuchukue mfano. Mwalimu mmjoa wa Iringa amepewa kazi ya kunakili santuri za shule. Gramafoni anayo, na kikuza sauti anacho, lakini viko pande mbili za chumba. Anaandika katika hati ya ununuzi: "Waya wa santuri, mita 5." Hati hiyo inakwenda kwa afisa ugavi, ambaye ana safari ya Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu iendayo Zambia. Afisa huyo anaingia katika duka mojawapo la vifaa vya umeme huko Mwanjelwa, anataja waya wa muziki wa mita 5, na muuzaji anampimia waya bapa wa nyuzi mbili, mwekundu na mweusi, ule unaotumika kuungia spika. Hakuna aliyekosea. Mwalimu aliandika waya, afisa akanunua waya, na kilichotoka dukani ni waya.

Mwalimu anapouunga, chumba kizima kinajaa mvumo mzito kama wa nyuki mzingani, na ligombo linasikika kwa mbali nyuma yake. Anaandika tena: "Waya wenye kinga, mita 5." Safari hii inaletwa kebo ya aina nyingine, na mvumo unatoweka. Lakini sasa sauti za juu si zile anazozijua: baadhi zinachoma sikio, na zile za juu zaidi zimefifia. Mwalimu anadhani kwamba sindano imelika, naye anaagiza sindano mpya isiyohitajika.

Tutaufuata mfano huu hatua kwa hatua, kwa kuwa kila kosa lililomo linatokana na dhana ambayo haikupewa jina lake.

Mikondo mitatu katika rafu moja

Katika mtambo wa santuri kuna aina tatu za umeme zinazosafiri katika nyaya. Ya kwanza ni umeme wa nyumba, ambao hapa nchini ni wa volti 230 na hubadili mwelekeo kwa kasi ya hezi 50. Ya pili ni umeme unaotoka katika kikuza sauti kwenda katika spika. Spika ya ohmu 8 inayopewa wati 10 hupokea volti 9 hivi. Ya tatu ni umeme unaozaliwa katika kichwa cha gramafoni pale sindano inapotikiswa na mfereji wa santuri. Umeme huu ni mdogo mno: katika vichwa vingi vya sumaku ni kama milivolti 5 tu, yaani sehemu ya 1,800 hivi ya ule uendao kwenye spika.

Umeme huu wa tatu hauna kazi ya kuendesha kitu chochote. Kazi yake ni kubeba habari za mtikisiko wa sindano. Kwa hiyo tunapendekeza uitwe ishara, na kebo inayoubeba iitwe kebo ya ishara. Wapo waliopendekeza "kebo unganishi". Jina hilo ni fupi na lina umbo zuri, lakini kila kebo huunganisha, na hata waya wa pasi huunganisha pasi na ukuta. Wengine wamesema "kebo ya mawimbi". Neno mawimbi, hata hivyo, limekwisha kuzoeleka kwa matangazo ya redio yanayosafiri hewani, na mwanafunzi anaweza kudhani kwamba ni kebo ya erio. Jina linalotaja kitu kinachobebwa ndilo linalomwongoza mnunuzi: kebo ya umeme hubeba umeme wa nyumba, kebo ya spika hubeba nguvu ya kuitikisa spika, na kebo ya ishara hubeba ishara.

Hata ishara zenyewe si za kiwango kimoja. Ile itokayo moja kwa moja katika kichwa cha gramafoni ni ishara dhaifu. Ile itokayo katika kicheza kaseti, redio au kompyuta ni ya kiasi cha nusu volti hadi volti 2, nayo tunaiita ishara ya kati. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mnunuzi, kwa kuwa baadhi ya gramafoni za siku hizi zina kikuza cha awali ndani yake, pamoja na swichi ya kukiwasha au kukizima. Kikiwa kimewashwa, kitokacho ni ishara ya kati, na masharti mengi tutakayoyataja hapa chini hulegea. Gramafoni nyingi za zamani za kubeba mkononi nazo zilikuwa na vichwa vya seramiki, vinavyotoa ishara kubwa zaidi kuliko vya sumaku. Mfasiri wa kijitabu cha maelezo hana budi kuhakikisha kwamba viwango hivi viwili havipewi jina moja.

Ngao na kihami

Tuje kwenye kosa la kwanza. Kwa nini waya wa spika ulileta mvumo? Kila waya uliopo nyumbani hupokea kidogo umeme wa nyumba unaopita katika nyaya za jirani, ukutani na ndani ya vyombo vyenyewe. Katika waya wa spika kiasi hicho si kitu mbele ya volti 9. Mbele ya milivolti 5 ni adui mkubwa.

Tena kuna sababu nyingine inayomwongezea adui huyo nguvu. Wakati santuri inapotengenezwa, sauti nzito hupunguzwa ili mfereji usiwe mpana kupita kiasi, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mkwaruzo. Kikuza sauti hufanya kinyume chake ili kurudisha uwiano, kwa kufuata kanuni iitwayo RIAA, ambayo ilianza kuenea mwaka 1954. Kwa kanuni hiyo, sauti ya hezi 50 hukuzwa mara 7 hivi zaidi ya ile ya hezi 1,000. Ikiwa kikuza cha awali kinakuza mara 100 katikati ya mizani, basi katika hezi 50 kinakuza mara 700 hivi. Na hezi 50 ndiyo hasa kasi ya umeme wa nyumba zetu. Mvumo mdogo unaoingia katika kebo hutoka katika spika ukiwa mkubwa.

Dawa yake ni kuuzungushia waya wa ishara tabaka la metali, ama kwa kusuka nyuzi nyembamba za shaba ama kwa karatasi ya alumini, na kuliunga tabaka hilo na ardhi ya mtambo. Umeme wa nje hulifikia tabaka kwanza na kupelekwa ardhini kabla ya kuugusa waya wa ndani. Tabaka hili mafundi huliita "kinga", "kava", "neti" au "waya wa nje". Sisi tunapendekeza ngao. Neno hili ni la Kiswahili cha asili, linajulikana na kila mtu kutokana na Ngao ya Taifa, na picha yake ni sahihi: ngao hupokea pigo lililoelekezwa kwa mwingine. Neno "kinga" ni pana mno, kwani lina kazi katika afya, katika sheria na katika zimamoto. "Kava" nalo humfanya mnunuzi afikirie ganda la plastiki.

Ganda hilo la plastiki lina jina lake, nalo ni kihami. Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Kihami huzuia umeme uliomo ndani usitoke wala usigusane na waya mwingine; hakizuii mvumo. Ngao huzuia mvumo wa nje usiingie. Nayo ni kipitishi, si kihami. Kebo nene yenye plastiki laini na ya kupendeza yaweza isiwe na ngao hata kidogo. Njia ya kuhakikisha ni kuitazama ncha iliyokatwa: kebo ya ishara dhaifu itaonyesha waya wa kati, kisha kihami cha ndani, kisha ngao iliyouzunguka pande zote, kisha kihami cha nje. Mwalimu anayefundisha aweza kukata kipande cha inchi mbili na kukipitisha darasani. Majina manne yataeleweka kwa dakika tano.

Mvumo, mngurumo na mkwaruzo

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenganishe kelele zenyewe. Katika barua za malalamiko na taarifa za matengenezo huandikwa tu kwamba "santuri ina kelele", na fundi haambiwi lolote. Tunazo tayari katika lugha yetu sauti tatu zilizo tofauti. Mvumo ni sauti nzito isiyokatika, iendayo vilevile hata santuri isipozunguka. Hutokana na umeme wa nyumba, na chanzo chake kitafutwe katika kebo na katika ardhi. Mngurumo husikika pale tu chombo kinapozunguka. Hutokana na mota au beringi, na kubadili kebo hakutausaidia. Mkwaruzo ni mpasuko wa mara kwa mara unaotokana na vumbi na michubuko ya santuri; dawa yake ni kusafisha. Mtumishi akiandika mojawapo ya maneno haya matatu katika taarifa yake, amekwisha kumwokolea fundi nusu ya siku.

Kuna mvumo mmoja ambao hata kebo yenye ngao nzuri hauuondoi. Gramafoni nyingi zina waya mwembamba wa pekee, wenye ncha ya kufungwa kwa skrubu nyuma ya kikuza sauti. Huo ni waya wa ardhi, kazi yake kuunganisha metali ya mkono na ya chombo kizima na ardhi ya kikuza sauti. Usipofungwa, mvumo hurudi. Kwa upande mwingine, metali ikiungwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, kwa mfano kwa waya huu na tena kwa plagi ya ukutani, hutokea kitanzi cha ardhi, nao umeme huzunguka ndani yake na kuleta mvumo uleule. Kwa hiyo maelezo hayana budi kusema kwamba waya wa ardhi ufungwe mahali pamoja tu.

Kapasitansi na urefu

Tuje kwenye kosa la pili. Kebo ya mita 5 yenye ngao iliondoa mvumo, lakini iliharibu sauti za juu. Sababu yake ni kwamba waya wa kati na ngao ni vipitishi viwili vilivyotengwa na kihami, na vipitishi viwili vilivyotengwa hivyo huhifadhi chaji kama inavyofanya kapasita. Sifa hii huitwa kapasitansi, na hupimwa kwa pikofaradi. Kila mita inayoongezwa huongeza kapasitansi.

Kichwa cha sumaku nacho kina koili ndani yake, na koili ikikutana na kapasitansi hutokea mwangwi wa kiumeme katika kasi fulani. Kabla ya kasi hiyo sauti hupanda, na baada yake hushuka haraka. Tuchukue kichwa chenye koili ya henri 0.5 na kebo yenye pikofaradi 100 kwa kila mita. Tuseme pia kwamba waya za ndani ya mkono zina pikofaradi 50, na mlango wa kikuza sauti una pikofaradi 100. Kwa kebo ya mita 1, jumla ni pikofaradi 250, na mwangwi huangukia hezi 14,200 hivi, karibu na ukingo wa masikio ya watu wengi wazima. Kwa kebo ya mita 5, jumla ni pikofaradi 650, na mwangwi hushuka hadi hezi 8,800 hivi, ambapo kuna ukali wa nyuzi na wa sauti za "s" na "sh" katika uimbaji. Ndiyo maana baadhi ya sauti zilimchoma mwalimu sikio na nyingine zikafifia, ingawa sindano yake ilikuwa nzima.

Watengenezaji wengi wa vichwa vya sumaku hutaja jumla ya kapasitansi inayofaa, mara nyingi kati ya pikofaradi 100 na 300. Jambo la msingi kwa mnunuzi ni kwamba tarakimu hiyo ni ya jumla, yaani mkono, kebo na kikuza sauti pamoja. Katika vichwa vya koili inayotikisika, ambavyo hutoa ishara ndogo zaidi, hata chini ya nusu milivolti, kapasitansi haina uzito huo, lakini ngao inahitajika maradufu.

Kuhusu istilahi, tumeliacha neno la mkopo makusudi. Wapo wanaotafsiri kapasitansi kuwa "ujazo" au "uwezo". Ujazo tayari ni nafasi iliyomo katika chombo, nasi tunaupima kwa lita. Kijitabu kinachotaja "ujazo wa kebo" kitamfanya msomaji afikirie unene wake. Uwezo nao husomeka kama sifa njema, hivi kwamba mnunuzi atatafuta kebo yenye "uwezo mkubwa", na hiyo ndiyo hasa asiyoihitaji. Utaratibu wetu wa kutafuta istilahi huanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kama tulivyopata bunge, ikulu na kitivo, na mwisho lugha za kigeni. Utaratibu huo haumlazimishi mtu kulipa neno la kale maana itakayopotosha. Ngao imepatikana nyumbani kwa sababu picha yake ni ya kweli. Kapasitansi imekopwa kwa sababu kila neno la nyumbani tulilolijaribu lilikuwa limeshika kazi nyingine.

Dawa ya kosa la pili, basi, si kebo ghali zaidi, ni kebo fupi zaidi. Mwalimu wetu akisogeze kikuza sauti karibu na gramafoni, aunge kebo ya ishara dhaifu ya mita 1, kisha arefushe kebo ya spika. Zile mita 5 alizopimiwa mara ya kwanza zitapata kazi yake halali.

Unene, plagi na maandishi ya kwenye pakiti

Wengi hudhani kwamba kebo nene ni bora kila mahali. Hesabu inaonyesha vingine. Waya wa shaba wenye eneo la milimita mraba 0.2 una ukinzani wa kama ohmu 0.09 kwa mita. Mlango wa kikuza sauti kwa kichwa cha sumaku una ukinzani wa kawaida wa ohmu 47,000, kwa hiyo sehemu ya kumi ya ohmu haibadili chochote. Waya huohuo ukitumika kwa spika ya ohmu 8 iliyo umbali wa mita 5, kwenda na kurudi ni mita 10, yaani ohmu 0.9 hivi, zaidi ya sehemu ya kumi ya ukinzani wa spika. Huo ni upotevu. Kwa milimita mraba 1.5 ungekuwa ohmu 0.1 tu. Hivyo unene ni sharti la kebo ya spika, ilhali ngao na ufupi ni masharti ya kebo ya ishara dhaifu.

Katika ncha za kebo kuna plagi, ambayo mafundi huiita dume, na soketi, ambayo huiita jike. Majina haya ya mafundi ni ya wazi na hayana haja ya kusahihishwa katika karakana; katika maandishi rasmi plagi na soketi yanatosha. Aina mbili ndizo zinazokutwa zaidi. Plagi ya RCA, iliyopata jina lake kutokana na kampuni ya Marekani ya Radio Corporation of America, ina pini moja katikati na pete kuizunguka. Nyekundu ni ya upande wa kulia, na nyeupe au nyeusi ni ya kushoto. Plagi ya DIN, ambayo jina lake ni herufi za taasisi ya viwango ya Ujerumani, hukutwa katika vyombo vingi vya Ulaya vya miaka ya 1960 na 1970, na mara nyingi ina pini tano katika duara moja. Hati ya ununuzi isiyotaja aina ya plagi kwa ncha zote mbili haijakamilika.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Katika miji ya nyanda za juu kama Mbeya, na zaidi huko Rungwe, unyevu wa miezi ya mvua huleta kutu ya kijani katika plagi za shaba, na sauti ya upande mmoja hukatikakatika. Kuichomoa plagi na kuizungusha mara kadhaa, mtambo ukiwa umezimwa, hutosha mara nyingi. Plagi iliyopakwa dhahabu haishiki kutu kwa urahisi, na hiyo ndiyo faida yake. Lakini mfasiri awe mwangalifu. Kuandika "kebo ya dhahabu" pale ambapo ni plagi tu zilizopakwa tabaka jembamba ni kumdanganya mnunuzi kwa niaba ya muuzaji. Kadhalika maneno "shaba isiyo na oksijeni" yatafsiriwe kama yalivyo, bila kuongezewa "kwa sauti safi zaidi". Shaba hiyo huizidi ya kawaida kwa upitishaji wa umeme kwa kiasi cha asilimia moja hivi au pungufu, na katika mita 1 ya kebo ya ishara tofauti hiyo haisikiki.

Istilahi tunazopendekeza

1. Ishara: umeme unaobeba habari za sauti kutoka chombo kimoja hadi kingine.

2. Ishara dhaifu: ishara itokayo katika kichwa cha gramafoni kabla ya kukuzwa.

3. Ishara ya kati: ishara iliyokwisha kukuzwa mara ya awali, au itokayo katika redio, kicheza kaseti au kompyuta.

4. Kebo: nyaya moja au zaidi zilizofungwa pamoja ndani ya kihami. Neno waya libaki kwa uzi mmoja wa metali.

5. Kebo ya ishara, kebo ya spika, kebo ya umeme: kebo zilizotajwa kwa kile zinachokibeba.

6. Ngao: tabaka la metali linalozunguka waya wa ishara na kuzuia umeme wa nje.

7. Kihami: kitu kisichopitisha umeme, kinachotenga vipitishi.

8. Waya wa ardhi: waya unaounganisha metali ya gramafoni na ardhi ya kikuza sauti.

9. Kitanzi cha ardhi: njia ya mzunguko inayotokea pale ardhi inapoungwa mahali zaidi ya pamoja.

10. Kapasitansi: kiasi cha chaji kinachohifadhiwa baina ya vipitishi viwili kwa kila volti.

11. Mvumo, mngurumo, mkwaruzo: kelele za umeme wa nyumba, za mitambo inayozunguka, na za uso wa santuri, kwa mfuatano huo.

Hitimisho

Turudi katika hati ya mwalimu wa Iringa. Kwa istilahi hizi ingeandikwa hivi: "Kebo ya ishara dhaifu, jozi moja, yenye ngao, urefu mita 1, kapasitansi isiyozidi pikofaradi 100 kwa mita, plagi za RCA ncha zote mbili, pamoja na waya wa ardhi." Maelezo haya hayajazi hata mistari mitatu. Afisa ugavi asiyejua lolote kuhusu santuri angeweza kuyasoma mbele ya muuzaji wa Mwanjelwa, na muuzaji angejua kipi ashushe kutoka rafuni, au angesema waziwazi kwamba hana. Safari ya pili isingekuwapo, wala sindano mpya isingeagizwa.

Hatudai kwamba majina yote tuliyoyatoa ni ya mwisho. Mafundi wa redio wa Mbeya, Iringa na kwingineko wamekuwa wakivitaja vitu hivi miaka mingi kabla yetu, na huenda baadhi ya maneno yao ni bora kuliko haya. Tunawaomba walimu wa ufundi na wafasiri wayakusanye, wayaandike pamoja na maelezo ya kitu kinachotajwa, na kuyaleta yajadiliwe. Neno la fundi lenye maana moja lina haki ya kuingia katika orodha mbele ya neno letu lenye maana mbili.